Matone ya Shingoni

“Hii haiui,” alisema daktari wa wanyama.
“Inakataza kukua tu.”
Dawa gani isiyoua?
Ermelinda akamminyia Farrusco matone shingoni,
paka akamtazama kama mtu anayemdai.

Akavaa soksi nyeupe, akapita chumbani, akahesabu:
viroboto kumi na mmoja.
Wiki ya tatu, wanne.
Chini, katika nyufa za mbao,
mayai yalibaki mayai;
mabuu yakapiga hodi ukubwani,
hayakukaribishwa.

Novemba, Guarda ni baridi ya kugonganisha meno.
Mjukuu, Tomé, kasimama wima kwenye fremu ya mlango,
visigino vimebana ukuta, pumzi kaizuia.
Bibi anachora penseli juu ya utosi:
sentimita mbili tangu Pasaka.

Paka amelala zuliani.
Hajikuni.