Sumaku

Fundi Lugodisha haamini rangi.
Mfukoni ana sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa,
nyeusi, ya mviringo, kama kitumbua kilichoungua,
na kabla hajaliamkia gari anaibandika ubavuni,
anaiachia,
anasikiliza.

Tulianzia Igoma.
Haisi nyeupe, inang'aa kama sahani ya wageni,
muuzaji kavaa miwani ya jua na mbingu ina mawingu.
"Mama, hii hata vumbi la Mwanza haijalionja."
Sumaku ikashika boneti. Ikashika mlango.
Chini ya mlango wa nyuma ikaanguka, puu, mchangani.
Lugodisha akaiokota, akaipuliza, akaibandika tena.
Puu.
"Hapa bati lilishaondoka zamani," akasema.
"Pamebaki puti na maneno matamu."

Mimi nilibeba futi ya kushonea.
Miaka thelathini na miwili nimefundisha jiografia,
Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome,
visiwa vyote nimevionyesha kwa rula
na hakuna hata kimoja nilicholala.
Kiinua mgongo kilipoingia, wenzangu walinunua vifaranga,
wakajenga vyumba vya kupangisha.
Mimi nikataka kitanda chenye matairi.

Ya Buzuruga iliwahi kubeba wagonjwa.
Msalaba walikuwa wameubandua, lakini jua halikuusahau:
weupe mpya juu ya weupe uliochoka.
Nikajilaza sakafuni, nikatazama dari,
nikajiuliza ni wangapi waliishia kuitazama hii hii.
Nikatoka bila kupima.

Ya tatu bei ilipanda tukiwa njiani kwenda kuiona.

Ya nne tuliikuta Kirumba, nyuma ya mwalo,
ya bluu, imekwaruzwa ubavu mzima,
kutu iko wazi kwenye bampa, haijajificha kwa mtu.
Miaka sita ilipeleka dagaa Kahama.
Sumaku ikashika. Ikashika kote,
hata kule chini, ambapo Lugodisha ilibidi apige magoti,
na kuibandua akatumia kucha.
Injini ilipowaka, mwanamke ndani ya dashibodi
akasema sentensi ndefu ya Kijapani, kwa adabu nyingi.
"Husema hivyo kila akiwashwa," Mugeta mwenye gari akatueleza.
"Hatujawahi kujua anataka nini."

Nikapanda nyuma, nikatandika khanga, nikalala.
Kiti cha dereva hadi mlango: mia na themanini na nne.
Mimi: mia na sitini na moja.
Kinachobaki ni jiko la gesi, ndoo, na vitabu viwili vyembamba.
Harufu ya dagaa ikanikalia kifuani kama paka.
"Fundi, itaondoka?"
"Haitaondoka. Itapungua."
Nikamwambia hata mimi.

Nje wakaanza bei, mimi nimelala ndani:
milioni tisa, nane na nusu, ongeza, punguza, apa.
Nikakumbuka nilivyofichwa chumbani
washenga wakinijadili sebuleni kwa sauti hizi hizi.
Ila leo pesa ni zangu,
na anayeolewa ni gari.

Sasa limeegeshwa Kiseke, katikati ya mawe mawili makubwa.
Madirisha hayajakatwa. Mbao za kitanda ziko kwa seremala,
kasema wiki, yaani mwezi.
Usiku wa kwanza jirani yangu Nyanjige alikuja kugonga bati,
akanong'ona kwa huruma:
"Mwalimu, kwani baba kakufukuza?"
Na baba mwenyewe alikuwa dirishani, mswaki mdomoni:
"Unarudi saa ngapi?"
Sijaondoka bado, nikamjibu.

Asubuhi nawasha injini ipate moto.
Yule mwanamke anatoa sentensi yake, yote, bila haraka.
Namwambia, "Marahaba,"
nikibahatisha tu kwamba alikuwa ananiamkia.