Gari la Mikate

Bodi ya lori la mikate, bila magurudumu,
imekalia mawe manne huku Mihang'o.
Ubavuni rangi imebanduka,
limesalia neno moja: LAINI.

Mifuko kumi na mmoja ya saruji
imelala kitandani, isishike unyevu.
Sisi tuko chini, Mghoi na mimi,
na soksi mbili mbili.

Julai hii haina mvua, haina jua,
ina ukungu tu, umekaa kama mdai mlangoni.
Jiko tunaliacha nje, tusifie usingizini.
Bati linatoka jasho, tone kwa tone,
na kila tone lanijua paji la uso.

Fundi Kilungu alifika kwenye linta, akakung'uta mwiko:
"Pesa ikipatikana, nipigie."

Jana jioni Mghoi alinivuta mkono
tukaingia sebuleni. Alivua viatu
juu ya kokoto. Akakohoa.
"Funga mlango, baridi inaingia."
Nikaufunga, mlango ambao bado uko kwa seremala.

Simu ikalia, mamake, kutoka Wundanyi:
"Mmeshahamia?"
"Tumehamia."
"Na baridi?"
Akatazama juu, pasipo na paa.
"Ipo kidogo, Mama. Kidogo tu."