Vigae Vitatu

Ukumbi wetu wa Mkoani una vigae vyekundu
baba alivyonunua kwa mafungu, miaka minne,
ndiyo maana hakuna safu mbili zenye wekundu mmoja.
Hapo ndipo ninapopiga pushapu,
mlango nimeurudisha, chai i jikoni,
baba yu msikitini kwa alfajiri.

Kipimo alinipa kaka yangu Shaame,
alipokuja likizo kutoka JKU na sauti ya kuazima:
"Vigae vitatu baina ya viganja, kifua ndicho kinachokula mzigo.
Viwili, usawa wa mabega, kifua na mikono hugawana kama ndugu.
Kimoja, dole gumba linusane na dole gumba,
hapo utawaka nyuma ya mkono,
pale pale mama anapokufinya ukiropoka mbele ya wageni."

Ni kweli.
Nilivianza vitatu kwa pupa,
nikahesabu kumi na mbili, nikajiona mwamba;
asubuhi ya pili sikuweza kuufikia mtandio wangu msumarini.
Nikaja kimoja. Tano tu.
Ile nyama ya kufinywa ikatetema kama kuku aliyeloa,
na shavu langu likabusu kigae
ambacho, sasa nimekijua kwa karibu, kina ufa.

Siku ile baba alirudi mapema.
Imamu alikuwa na mafua, hakurefusha kisomo.
Alinikuta chini, kanga nimeifunga kiunoni
juu ya suruali ya Shaame,
nikangoja yale maneno.
Akavua kofia. Akachutama.
Akanitazama viwiko kama anayekagua fundo la kamba.
"Mbona vimepaa? Bawa la kuku hilo.
Bega litakuja kukudai, na bega halikopeshi mara mbili.
Virudishe karibu na mbavu. Si sana. Basi, hapo."

Sikujua kama anajua.
"Nimesukuma rukwama kutoka gatini," akasema,
"miaka thelathini na moja, mchele wa watu, saruji ya watu,
na mlima huu haumpi njia asiyejua aweke wapi mikono.
Ukishika mapana, kifua kinakwenda vizuri
mpaka kona ya hospitali, kisha pumzi inakuaga.
Ukishika pamoja, mikono inaungua kabla ya kona.
Hebu sogea."

Akashuka, kanzu na vyote,
akaweka mikono bila kutazama:
wa kulia mbele, kigae kizima mbele,
wa kushoto nyuma, umegandana na mbavu.
Nikamwambia, Baba, hailingani.
"Gurudumu la kushoto lilikuwa zito," akaiambia sakafu.
"Mwenye gari hakulitengeneza."

Moja.
Mbili.
Kanzu ikamkaza mgongoni, nikaona:
upande wa kushoto umejaa, una mstari, una ujana bado;
wa kulia ni mfupa na ngozi yake.
Na mimi miaka yote namtukana fundi Vuai moyoni
kwa kanzu za baba kuning'inia upande!

Ya tatu haikufika juu.
Alibaki katikati, mikono ikitafuta neno,
mpaka chai ilipomwagikia mkaa
ikatuokoa sote wawili.

Kesho yake nikavifuta vigae, nikaiacha hesabu ya Shaame.
Wa kulia mbele. Wa kushoto nyuma.
Nilipiga sita.
Usiku ukaniuma ubavu wa kushoto, chini ya kwapa,
pahala ambapo sikuwa nikijua nina nyama,
nikaulalia huo huo.