Kijakazi wa Pili

Alhamisi, saa tatu za usiku, hapa Langoni.
Tumechanga ishirini ishirini za tokeni ya stima,
na runinga ya Shekuwe imetolewa hadi dakani,
ikaegemezwa mto
kama mgonjwa anayetaka kuona watu.
Punda wa kokoto amekwama kichochoroni, hana pa kupita;
mwenyewe ameketi naye anatazama.

Kitabu hiki nilikisoma mara tatu.
Nilikifundisha miaka kumi na minane,
nikakipigia mistari kwa kalamu ya risasi
hadi karatasi ikatoboka.
Basi nimekaa mbele, kifua wazi,
kama mjomba wa bwana harusi.

Wimbo wa kufungulia haujaisha, Mwanashee ameshaguna:
"Mama huyo ni wa wapi? Amwita mwanawe 'njoo'!
Nani Amu alisema 'njoo'?"
"Angesema 'ndoo'," Shekuwe akamjibu,
"watu wa bara wangedhani ataka ya kutekea maji."
Tukacheka, na kicheko kikafunika
tangazo la vita.
Mpaka leo hatujui nani alimvamia nani.

Lali Famau, fundi wa milango, hana habari na vita.
Anautazama mlango ulio nyuma ya mashujaa.
"Mashine hiyo," asema. "Tizameni yale maua,
hayana kosa hata moja. Mkono wa mtu ungechoka
hapo kona ya kushoto, ungeteleza kidogo."
Akanyamaza, akapangusa goti.
"Na mimi sikuitwa."

Mimi nami nikadai haki yangu:
"Kadhi huyu alikufa mlango wa nne!
Tuko juma la sita, yu hai, achana ndevu, aposa!"
"Mwalimu," binti wa jirani akasema, "mwache aishi.
Wewe umemzika mara tatu, haikutosha?"
Amelia tangu mwanzo, binti huyo,
hajakisoma kitabu wala hatakisoma,
mtandio umelowa hadi kidevuni.

Kisha karamu. Waungwana wameketi, maneno matamu,
kila neno nalijua, midomo yangu ikitangulia yao.
Msichana akaingia na mtungi, akamimina.
Kitabuni ni maneno matatu: kijakazi akaleta maji.
Hapa wamempa pumzi moja zaidi:
kabla ya kutoka aliinua macho,
akatutazama.

"Mtungi ule mtupu."

Sauti ilitoka nyuma, penye ngazi,
alipoketi Bi Faida akisuka ukili;
hajasema neno tangu juma la kwanza.
"Mkono haukulemewa. Mtungi uliojaa
huvuta bega, huvuta na shingo. Bibi yangu
alikufa bega moja liko chini.
Tulipomkafini tulilinyoosha. Likarudi."

Hakuna aliyeuliza bibi yake alimtekea nani.
Nyumba za Amu zajuana.
Lali alikohoa. Mwanashee akajikunja kando:
"Sogea mbele, Faida, waona huko?"
"Naona," alisema. Hakusogea.

Majina yalipopanda mwishoni, madogo, mbio mbio,
nilikiinamia kioo na miwani yangu:
Kijakazi wa Pili, halafu jina la msichana.
Sikuliwahi.

Usiku nikafungua kitabu, ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Pale mwungwana anaposifu heshima ya ukoo wake
pana mistari yangu miwili, nyota,
na MUHIMU kwa herufi kubwa.
Chini yake maji yaliletwa.
Hapo karatasi ni safi kama ilivyotoka dukani.

Alhamisi ijayo wametuahidi kuzingirwa kwa mji.
Bi Faida ameshalipa ishirini yake.
Aliniuliza mlangoni, ukili mkononi,
kama yule wa maji atarudi.
Najua kitabuni harudi.
Nikamwambia sijui, tuje tutazame.