Mshiriki wa Kumi na Saba

Tartu, Februari. Saa tatu asubuhi
na jua bado linajikokota juu ya mto ulioganda.
Nimemwaga chumvi ngazini mtu asiteleze,
nimewasha mashine, nimefuta vitufe kwa spiriti:
kijani kwa neno la kweli,
chekundu kwa neno lisilo na maana.

Mzee Kaljo amevua kofia, ameishika kama sahani.
Namsomea karatasi ya ridhaa, mstari kwa mstari:
jina lako halitaandikwa, wewe ni kumi na saba;
waweza kuacha wakati wowote, hutaulizwa sababu.
"Na nikishinda?"
Hakuna kushinda, mzee. Kuna kuponi ya kahawa.
Anacheka, anatia sahihi
kwa herufi nene za mtu aliyeendesha treni.

Mimi ni wa muhula wa kwanza. Nijuacho nimekikariri jana:
kwamba seli ya neva ina matawi ya kusikilizia
na mkia mrefu wa kusemea;
kwamba hulipuka au hunyamaza, haijui nusu;
kwamba sodiamu huingia mlangoni kwa kishindo
(ndugu wa chumvi hii hii iliyonikauka viganjani)
na mshtuko hukimbia mpaka ukingoni,
ambako hakuna daraja.
Hapo kemikali chache hujitosa, huvuka
upenyo mwembamba kuliko unywele
uliopasuliwa mara elfu nne.
Hata "niletee maji" imeanza kwa kuruka.

Meza. Kijani, nusu sekunde.
Kijiko. Kijani, nusu sekunde.
Plomsu. Chekundu, akakunja uso kidogo.
Kisha, neno la arobaini na nne: jää.

Kwa Kiestonia hilo ni barafu.
Ni hilo hilo umwambialo mtu aliyekwisha shika kitasa:
baki.
Kama vile kaa, katika lugha ninayoandikia,
ni la moto jikoni, na ni usiondoke.

Kidole chake kikabaki hewani.
Nikasikia feni ya kompyuta. Nikasikia
bomba la joto likigonga ukutani, mara mbili.
Kisha kijani.
Sekunde nne na kitu.
Neno lililofuata, kikapu: nusu sekunde,
kana kwamba hakuna aliyekwenda popote.

"Futa," akasema Dokta Virve jioni,
"limepita mikengeuko mitatu kutoka wastani.
Huenda alikohoa. Huenda aliwashwa na sikio."
Si mkali. Ndiye aliyetufundisha
kwamba jogoo asipowika kutakucha vilevile,
kwamba punje moja nzito huinamisha mizani yote,
kwamba kisa cha mtu mmoja, hata kikikuliza,
bado ni kisa cha mtu mmoja.
Nikafuta. Kisanduku kikabaki cheupe
kati ya nusu sekunde na nusu sekunde.

Sikumwambia kwamba mzee, akivaa kofia mlangoni,
aliniuliza kwa upole, kama aulizaye saa:
"Lile la barafu. Mlikusudia lipi?"
Nami, mwenye orodha mkononi,
sikuwa nimejua kwamba yako mawili.
Kanuni inanikataza kuuliza. Sikuuliza.
Nilimpa kuponi. Nimeiokota ngazini,
imelowa, imeshika chumvi.

Daftarini nimeandika kwa penseli:
neno la 44 lina maana mbili, libadilishwe.
Dokta ameweka tiki. Muhula ujao watatumia soksi.

Usiku, maabara tupu, nimekaa kwenye kiti chake
nikajipima mwenyewe. Jää.
Nusu sekunde.
Nikarudia. Nusu sekunde, pungufu kidogo.
Nina miaka kumi na tisa.
Sijapata kumwambia mtu neno hilo
naye akaenda.