Dakika Ishirini, Mbarara

Mwaka jana tulikuwa na gari bora kuliko wote,
na manahodha sita.
Kila mtu alishika spana, kila mtu alipiga kelele,
jeki ikainua upande ulio mzima
na gurudumu bovu likabaki chini, likitutazama.
Tukatoka tumechelewa dakika nne.
Mashindano yaliishia pale, kwenye nyasi, chini ya turubai,
kabla dereva hajakanyaga mafuta.

Mwaka huu gari ni lile lile, kuukuu zaidi.
Ila Kiconco, msoma ramani, alikuja Jumanne na chaki,
akachora miraba sakafuni mwa karakana:
hapa Bashaija, mguu wako usitoke;
hapa Mpirirwe, wewe ni breki tu, hata gari likiwaka moto;
hapa petroli. Na hapa, akanitazama,
hapa ni saa. Usiguse kitu. Hesabu.

Niliona aibu. Fundi mwenye miaka tisa kazini
kupewa kazi ya kutaja dakika!
Tukafanya mazoezi usiku, taa zimezimwa,
mpaka mikono ikazijua nati bila macho.

Jumapili alfajiri shangazi yake Bashaija alipiga simu kutoka Rubaya:
mvua imenyesha upande wa migomba,
upande wa malisho bado vumbi.
(Huyo naye ni wa timu, ingawa hajawahi kuvaa fulana yetu.)
Wenzetu walifunga tairi za tope, zote nne.
Kiconco akasema: hapana. Za kokoto.
Kwenye migomba tutapoteza,
tupoteze kwa adabu, tusiingie mtaroni;
sekunde zetu tutazidai malishoni.

Katungye, dereva, damu inamchemka, akanyamaza.
Huo ndio ushujaa niliouona siku ile,
si ule wa kona ya ng'ombe ambao watu waliupiga picha.

Haraka haina baraka, husema watu.
Sisi haraka tuliigawa vipande, kila mtu na chake.
Kumi na mbili, nikataja. Tisa. Nne.
Sauti yangu tu, na nati zikilia.

Tulishinda kwa sekunde saba.
Katungye alibebwa juu juu, mtu akammwagia bushera kichwani.
Mimi nilikuwa bado nimeshika saa.
Nilisahau kuizima.
Nilipofika nyumbani ilikuwa ingali inahesabu,
na mke wangu akauliza: unamsubiri nani?