Pamoja na Nafasi

Fomu ya ubalozi inasema: eleza tatizo
kwa herufi elfu moja, pamoja na nafasi.
Nikarudia kusoma, nikidhani ni macho,
maana tangu saa nane nakodolea kioo
katika duka la Mchopa la kuchapa barua, Newala,
feni imekufa, na salfa ya mikorosho
imenifuata hadi mjini ndani ya ushungi.
Pamoja na nafasi. Hata pale pasipo na neno
wanapahesabu.

Nilianza na ndoo.
Kwamba kwetu huku juu, mwanamke akikaribia kujifungua
hufungasha kanga mbili, wembe, uzi
na maji lita ishirini,
kwa kuwa zahanati kitanda inacho, nesi inaye,
bomba inalo.
Nikamtaja Somoe Nandonde, aliyefika na ndoo nusu
kwa sababu njiani uchungu ulimwinamisha mara tatu,
na nusu ile ikagawanywa: ya mtoto, ya mama, ya sakafu.
Sakafu ilipata kidogo.
Kutazama chini, herufi zimekwisha.
Mashine imenikata kwenye "sakaf".

Kijana wa Mchopa, ambaye lugha yao anaijua, akasema:
Mama Katibu, hawa hawamtaki Somoe, wanataka idadi.
Nikampa idadi. Wajawazito mia na kumi na wawili kwa mwaka.
Akaandika wanufaika.
Neno zuri, limefunga tai.
Nikamuuliza, na kuomba umeandikaje?
Akasema kwao yako matatu:
la kumwomba Mungu, la kumwomba jirani chumvi,
na hili la fedha, ambalo halipigi magoti.
Sisi tunalo moja, linakwenda kote huko,
ndiyo maana limechubuka.

Bajeti. Tangi la lita elfu kumi.
Mifereji ya bati ya kukingia mvua.
Saruji mifuko kumi na minne. Fundi Likapa,
ambaye bei yake hupanda akisikia neno ubalozi,
kwa hiyo hatujamwambia.

Kisha safu ya mwisho: mchango wa jamii, kwa shilingi.
Bi Siwema, mweka hazina, alikwisha kuandika sifuri daftarini.
Hatuna kitu, alisema, tusijitie makuu.
Nikakaa na sifuri ile.
Ilikuwa duara, kama mdomo wa ndoo.
Nikaanza kuhesabu: wanawake thelathini na tisa,
mchanga wa korongoni, kokoto za kuponda kwa mkono,
na maji ya kukorogea saruji.
Maji, ndiyo, ya kujengea tangi la maji,
yatakayotoka bondeni kichwani,
kilomita sita, na kurudi ni kupanda tu.
Kijana akauliza: ndoo moja shilingi ngapi?

Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Mama yangu alipandisha ndoo miaka arobaini
na shingo yake ilizikwa nayo, fupi hivyo hivyo.
Nikataja bei.
Kijana akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena,
akidhani amezidisha sifuri.
Mchango wetu ulikuwa mkubwa kuliko tulichoomba.

Mwisho kulikuwa na kisanduku: jambo lingine lolote?
Nilikuwa nalo. Nilikuwa na Somoe na nusu yake.
Lakini umeme ulishaanza kukonyeza,
na mlango wao unafungwa saa sita usiku.
Nikaacha nafasi. Si wanazihesabu?
Tuma.

Jibu likaja kabla sijatoa noti ya kumlipa Mchopa:
Tumepokea. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Nje, Bi Siwema kwenye simu: Wamesemaje?
Wamepokea.
Akanyamaza kidogo, nasikia anapeta mchele.
Haya, alhamdulillahi. Ukipita kwa kina Namtima
mwambie Fatu siku zimefika,
asisahau ndoo,
na aifunike.